Sura ya Tatu: Mshahara wa Miguu

Kipande cha babu yangu kilikaa ndani ya kopo la biskuti, uvunguni mwa kitanda, pamoja na risiti za kodi na picha moja ya pasipoti iliyogeuka rangi ya chai. Ni kadi ngumu iliyolika pembe, imechorwa visanduku thelathini. Kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa ya kukata mkonge, nyapara alitia alama kwenye kisanduku kimoja. Siku aliyoumwa, au mvua ilipomzuia kufikisha idadi ya matita, kisanduku kilibaki kitupu na siku yenyewe ikawa kama haikuwapo. Mshahara ulitoka visanduku vyote vilipojaa, hata kama vimejaa kwa wiki saba. Babu alipokuwa akisimulia ujana wake hakuhesabu kwa miezi wala miaka. Alihesabu kwa vipande: "Nilikaa shamba lile vipande kumi na viwili, nikahama."

Nyumbani kwetu ni Kwamndolwa, Korogwe. Leo Kwamndolwa ni kata ndani ya Halmashauri ya Mji, lakini jina lake bado lina sauti ya kijiji. Majina yanayoanza na Kwa- yamejaa Korogwe na Handeni, na mengi yanakumbusha mtu fulani aliyewahi kukaa pale akaheshimika; Mndolwa ni jina lililomo katika koo za Tanga mpaka sasa. Mtu aliishi, watu wakaendelea kumtaja, na ardhi ikalishika jina lake. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi nilipokuwa naandika sura hii, kwa sababu inamhusu mtu ambaye jina lake nililisikia kwanza nikiwa mtoto, kwenye ua wa babu, kupitia redio.

Ilikuwa Jumamosi, Agosti 10, 1974. Redio iliwekwa juu ya kigoda, betri zake zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Watu wazima walikaa kwenye magogo, sisi watoto tukakaa chini. Yanga na Simba walikuwa wanacheza Mwanza, Uwanja wa Nyamagana, mbali na Dar es Salaam na mbali zaidi na sisi. Dakika ya 16 Adam Sabu akaifungia Simba. Kuanzia hapo mjomba wangu, mwana Jangwani wa kufa, yaani Yanga damu, hakusema neno. Alikuwa akichimba udongo kwa kidole cha mguu, na kishimo kikazidi kuwa kirefu. Dakika ya 87 Gibson Sembuli akasawazisha. Mpira ukaenda muda wa nyongeza. Dakika ya 97 mtangazaji akapaza sauti, redio ikakoroma, na katikati ya mkoromo huo tukasikia jina: Sunday Manara. Yanga 2, Simba 1, na ubingwa wa mwaka huo ukaenda Jangwani.

Mjomba alikimbia kuuzunguka ua mara tatu. Babu alisubiri akae, kisha akauliza swali ambalo limenifuata maisha yangu yote:

"Huyu Sande analipwa shilingi ngapi?"

"Halipwi, baba," mjomba alijibu, bado anahema. "Mpira ni mapenzi."

Babu akatikisa kichwa. "Amekimbia mpaka dakika ya tisini na saba, na hana kipande?"

Tulicheka wote. Babu hakucheka. Alikuwa mtu aliyetoka mbali kuja Tanga kuuza nguvu za mikono yake, na katika akili yake jasho na malipo vilikuwa ndugu wa tumbo moja.

Kumwelewa babu ni lazima kuelewa mkonge. Mmea huu si wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza mwaka 1893, na kati ya miche elfu moja iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutoka kwenye hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyofunika bonde la Pangani. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, ikaendelea hadi Mombo, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Kandokando yake yakapangana mashamba: Ngombezi, Magunga, Mazinde na mengine. Kazi ilikuwa ngumu kiasi kwamba wenyeji, Wazigua na Wasambaa, wengi waliikwepa wakabaki na mashamba yao ya mahindi na mihogo. Ndipo wakaletwa manamba, kutoka Kigoma, Songea, Rungwe, Msumbiji na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha watu, SILABU, na neno hilo mpaka leo wazee wa Korogwe wanalitamka kama jina la kituo cha safari. Mtu alikatwa kutoka kwao, akapewa namba, akapakiwa, akateremshwa. Majani yakakatwa ncha yenye mwiba, yakafungwa matita ya majani thelathini, yakapelekwa korona kusagwa, na singa zikaanikwa kwenye kamba kama nywele za mzee.

Na jioni, palipokuwa na kambi palikuwa na mpira. Kambi moja dhidi ya nyingine, korona dhidi ya wakataji, shamba hili dhidi ya lile. Sisi watoto tulicheza chandimu kwa mpira wa makaratasi na singa za mkonge zilizosokotwa kuzunguka, na singa zikilowa umande mpira ulikuwa mzito kama jiwe. Wakubwa walikuwa na mpira wa ngozi wenye kamba, ukiupiga kichwa mahali pa kamba unaondoka na alama ya wiki nzima. Hakuna aliyelipwa. Mchezaji mzuri alipewa kazi nyepesi, labda ya stoo, labda ya kuhesabu matita badala ya kuyabeba. Huo ndio ulikuwa mshahara wa miguu mashambani, na kwa kiasi kikubwa ndio uliokuwa mshahara wa miguu nchi nzima.

Nchi yenyewe ilikuwa imechagua michezo ya ridhaa. Sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa ilipitishwa mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, na michezo ikatazamwa kama sehemu ya kujenga taifa: afya, umoja, heshima ya bendera. Wachezaji wengi wakubwa walikuwa waajiriwa wa mashirika na viwanda. Asubuhi kazini, jioni mazoezini. Klabu ilitoa nauli, chai, posho ya kambi, na mwanachama mwenye duka akatoa bahasha siku ya ushindi. Nasema haya kwa heshima. Mfumo ule ulizaa wanaume waliocheza kwa moyo ambao fedha hainunui. Lakini uliwaacha wengi wao mikono mitupu siku goti lilipokataa.

Katika mazingira hayo ndipo walipotokea ndugu watatu wa familia ya Manara. Mkubwa wao uwanjani alikuwa Kitwana, ambaye mashabiki walimwita Popat. Juni 1, 1968, Yanga ilipoifunga Simba, wakati huo ikiitwa Sunderland, mabao 5-0, Maulid Dilunga alifunga mawili, Salehe Zimbwe mawili, na bao la dakika ya 86 likawa la Kitwana Manara. Yanga ilichukua ubingwa mwaka huo na haikuuachia hadi 1973. Kassim naye alikuja kuwa mshambuliaji wa kutajwa. Kati ya wote, Sunday ndiye aliyepewa jina ambalo mtu yeyote aliyekuwa na masikio miaka hiyo analikumbuka: Kompyuta.

Hebu tulitazame jina hilo. Mwaka 1974, mwaka wa bao la Nyamagana, serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Hazina ilikuwa imejaribu kuendesha hesabu zake kwa mashine, mashine ikavuruga hesabu, na viongozi wakaona ni anasa isiyofaa nchi maskini. Kwa hiyo Watanzania walio wengi hawakuwa wameiona kompyuta kwa macho. Waliijua kwa sifa tu: kitu kinachopiga hesabu haraka kuliko mtu na kisichokosea. Walipotafuta jina la kumpa kijana aliyejua pasi itatua wapi kabla mwenzake hajaanza kukimbia, walichukua jina la kitu ambacho hakikuwapo nchini. Kule Kwamndolwa tulifikiri kompyuta ni aina ya mchezaji. Nilipofika sekondari na mwalimu akaeleza kwamba ni mashine, nilishangaa kwamba wazungu wameipa mashine yao jina la Sunday Manara.

Miezi michache baada ya Mwanza, Januari 1975, timu hizo mbili zilikutana tena Zanzibar, safari hii katika fainali ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati. Simba ndiyo ilikuwa bingwa mtetezi. Yanga ikashinda 2-0, na wafungaji wakawa walewale wa Nyamagana: Sembuli na Manara. Zanzibar tayari ilikuwa na televisheni ya rangi. Bara tulikuwa na redio na mawazo yetu. Ndiyo maana kizazi chetu kimebaki na picha ya Manara ambayo kila mtu alijichorea mwenyewe. Wangu alikuwa mrefu sana, mwenye fulana ya kijani na njano na soksi zilizoshuka. Sijawahi kutaka kuibadilisha picha hiyo.

Halafu Yanga ikapasuka. Ugomvi ulikuwa wa ndani, wa viongozi na wanachama na wachezaji, na kufikia mwaka 1976 upande uliotoka ulikuwa umezaa klabu mpya, Pan African, ambayo Kassim Manara aling'ara nayo. Aliyeishi wakati ule anajua kwamba nyumba ziligawanyika, mume Yanga, mke Pan, na watu waliooana kwa ajili ya timu hawakusalimiana kwa ajili ya timu. Matokeo yalionekana Julai 19, 1977, Simba ilipoifunga Yanga 6-0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu peke yake, Jumanne Masimenti mawili, na Selemani Sanga akajifunga. Siku hiyo mjomba hakuchimba udongo. Alizima redio kabla ya mwisho, akaenda kufungua mbuzi ambao hawakuwa na haja ya kufunguliwa.

Mwaka huohuo wa 1977 ulikuwa mgumu kila upande. Februari CCM ilizaliwa, na mwezi huohuo mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, ndege na reli na posta za pamoja zikagawanywa kama vyombo vya talaka. Nchi ilikuwa inajifunga ndani. Ni katika mwaka huo Sunday Manara alitoka nje. Alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles ya mji wa Almelo, na kwa hatua hiyo akawa Mtanzania wa kwanza kucheza soka ya kulipwa Ulaya.

Nataka msomaji apime uzito wa sentensi hiyo. Leo kijana akitaka kwenda Ulaya anakuwa na wakala, ana video kwenye simu, ana wenzake waliotangulia wa kuwauliza kuhusu baridi na chakula. Manara hakuwa na mtu wa kumuuliza. Hapakuwa na Mtanzania aliyewahi kuingia chumba cha kubadilishia nguo cha klabu ya Ulaya kama mfanyakazi, mwenye mkataba, anayedaiwa kazi na anayedai malipo. Njia aliipasua kwa miguu yake mwenyewe, kama mtu wa kwanza kufyeka pori la Handeni: hana alama ya kufuata, na anayekuja nyuma ataiona njia kama ilikuwapo siku zote.

Almelo ni mji mdogo mashariki mwa Uholanzi, karibu na mpaka wa Ujerumani, katika eneo la Twente. Klabu ya Heracles ilianzishwa mwaka 1903, ikawa bingwa wa nchi mwaka 1927 na 1941, kisha ikashuka; Manara alipofika ilikuwa daraja la pili. Kwa mtu wa Korogwe kama mimi, kuna jambo la Almelo linalonigusa kuliko soka. Ule ni mji wa nyuzi. Kwa zaidi ya miaka mia moja Twente iliishi kwa viwanda vya kusokota na kufuma pamba, na Uholanzi ndiyo iliyokuwa ikichapa khanga nyingi zilizovaliwa katika pwani yetu. Miaka ile ya sabini viwanda hivyo vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, kwa kushindwa na nguo za bei nafuu kutoka kwingine. Wakati uleule, huku kwetu, mkonge ulikuwa unakufa kwa kamba za nailoni na plastiki. Nchi iliyotoa takriban tani 230,000 mwaka 1964 iliona mashamba yakirudi kuwa vichaka. Kijana wa kutoka nchi ya singa akaenda kufanya kazi katika mji wa pamba, na pande zote mbili mashine zilikuwa zinanyamaza. Jukwaani Almelo, Jumamosi au Jumapili, walikaa wanaume waliojua maana ya kulipwa kwa kipimo cha kazi. Babu yangu angeelewana nao bila mkalimani.

Na ilikuwa Uholanzi ya kipindi chake bora. Ilicheza fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1974 na tena 1978, ikapoteza zote mbili, lakini ikawafundisha watu wote kwamba beki anaweza kushambulia na mshambuliaji anaweza kukaba. Kumchukua mchezaji kutoka Dar es Salaam katika nchi hiyo, wakati huo, lilikuwa tamko la kutosha juu ya uwezo wake.

Kutoka Uholanzi alivuka bahari hadi Marekani, akajiunga na New York Eagles mwaka 1978. Eagles ilicheza katika American Soccer League, ligi kongwe kuliko ile iliyokuwa na New York Cosmos lakini yenye fedha kidogo na kelele kidogo. Pelé alikuwa ametoka kustaafu Cosmos, Oktoba 1977, na Franz Beckenbauer alikuwa bado yupo. Jiji lenyewe, hata hivyo, lilikuwa la besiboli. Mwaka huo wa 1978 New York Yankees walitwaa ubingwa, na mtu aliyesema "mpira" katika mitaa ile alimaanisha mpira mdogo mgumu unaorushwa na kupigwa kwa gongo.

Hapa naomba msomaji anivumilie nimlete mtu mwingine, kwa sababu nilipokuwa nasoma juu ya mji huo nilikutana naye na sikuweza kumwacha. Jina alilojulikana nalo ni Bud Fowler. Alizaliwa mwaka 1858 katika jimbo la New York kwa jina la John W. Jackson, akakulia Cooperstown, akajifunza ukinyozi, na akawa mweusi wa kwanza anayefahamika kulipwa kwa kucheza besiboli katika timu za weupe. Mwaka ulikuwa 1878, miaka mia moja kamili kabla ya Manara kuvaa jezi ya Eagles. Aprili mwaka huo, akiwa na timu ya mji wa Chelsea, Massachusetts, alirusha mpira dhidi ya Boston, mabingwa wa msimu uliotangulia, na timu yake ikashinda 2-1. Muda mfupi baadaye akaichezea Lynn kwa malipo.

Maisha yake baada ya hapo yalikuwa ya kuhama. Alicheza miji mingi kuliko mtu anavyoweza kuikumbuka bila kuiandika, na palipokosekana mechi alifungua kiti cha kinyozi. Alikuwa mchezaji wa kituo cha pili, mahali ambapo mkimbiaji wa timu pinzani huingia kwa kuteleza, viatu mbele, na viatu hivyo vilikuwa na meno ya chuma. Inasimuliwa kwamba alijifunga vipande vya mbao kwenye mifupa ya miguu, kwa sababu weupe walikuwa wakimlenga makusudi. Mwaka 1887 wenzake wa timu ya Binghamton hawakutaka kucheza naye, akaondoka. Julai mwaka huo ligi yao ikaamua kutoidhinisha tena mikataba ya wachezaji weusi. Fowler hakukaa akalia. Mwaka 1894 alisaidia kuanzisha timu ya weusi watupu, Page Fence Giants, katika mji wa Adrian, Michigan, ikifadhiliwa na kampuni ya seng'enge, na timu hiyo ikazunguka nchi ikiishi ndani ya behewa lake lenyewe la treni. Niliposoma hayo niliwaona wachezaji wa mashamba ya mkonge kwenye trola, wakipelekwa shamba jirani kwa mechi ya Jumapili. Fowler alikufa mwaka 1913 akiwa maskini, akazikwa Frankfort, New York, bila jiwe. Jiwe liliwekwa mwaka 1987, na watu waliopenda historia ya mchezo wao. Mwaka 2022 aliingizwa katika jumba la mashujaa wa besiboli, ambalo lipo palepale Cooperstown alikokulia. Na mwaka huohuo vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walisaini na Los Angeles Dodgers. Njia ya Fowler imefika hadi Ziwa Nyanza.

Sisemi kwamba Manara alipitia aliyopitia Fowler. Nyakati ni tofauti na mateso hayalingani. Kinachowaunganisha ni ile hali ya kuwa wa kwanza kulipwa mahali ambapo hakuna wa kwenu aliyewahi kulipwa. Mtu wa namna hiyo hahami kwa kupenda kuhama. Hana klabu iliyozoea watu wake, kwa hiyo kila mkataba ni wa kuanza upya: lugha mpya, kocha mpya, na swali lilelile machoni mwa wenzake, kama kweli huyu anaweza.

Baada ya New York Manara alirudi Ulaya, Austria, akaichezea klabu ya St. Veit, katika mji mdogo wa jimbo la Kärnten, kusini karibu na milima. Kassim, mdogo mtu, naye akacheza Austria. Tayari njia ilikuwa na nyayo za watu wawili. Kisha Sunday akaenda Dubai, Al Nasr, klabu iliyoanzishwa mwaka 1945 na iliyokuwa imechukua ubingwa wa Emirati mara mbili mfululizo, 1978 na 1979. Naiona safari hiyo ya mwisho kama nusu ya kurudi nyumbani. Ghuba ile imeunganishwa na pwani yetu kwa majahazi tangu enzi na enzi, na baada ya 1964 familia nyingi zilizotoka Zanzibar zilikaa Dubai na Oman zikiendelea kuongea Kiswahili sebuleni. Baada ya Kiholanzi, Kiingereza cha New York na Kijerumani cha milimani, hapo angeweza kununua samaki kwa lugha ya mama yake.

Nchi nne katika miaka michache. Ukiangalia ramani utadhani ni mtu asiyetulia. Ukiangalia kalenda utaona kitu kingine: kijana aliyekuwa shujaa wa taifa kwa posho alikubali kuwa mgeni wa kawaida kwa mshahara. Alishuka kutoka kuimbwa na uwanja mzima hadi kuwa jina ambalo watangazaji wa Almelo walilazimika kujifunza kulitamka. Wapo waliowalaumu wachezaji wa aina yake wakati huo kwamba wamekimbia, kwamba Taifa Stars inahitaji watu wake. Na kweli Taifa Stars ilikuwa katika miaka yake ya dhahabu. Agosti 1979 bao la Peter Tino kule Ndola liliipeleka fainali za Afrika, na Machi 1980 ikacheza Lagos dhidi ya Nigeria, Misri na Ivory Coast. Haikurudi kwenye fainali hizo hadi 2019. Lakini lawama ile haikuwa ya haki. Mkata mkonge aliyehama shamba kwa sababu shamba la pili linalipa zaidi hakuitwa msaliti wa mkonge.

Ni miaka 43 kati ya Heracles na siku Mbwana Samatta alipovaa jezi ya Aston Villa, Januari 2020, na kufunga dhidi ya Bournemouth Februari 1. Nchi nzima ilikesha. Nilikuwa Kwamndolwa siku hiyo, kwenye kibanda cha video, na vijana walipiga kelele hadi mabati yakatetemeka. Nilimwuliza mmoja wao, aliyevaa jezi mpya ya Villa, kama anamjua Mtanzania wa kwanza kulipwa Ulaya. Akasema ni Samatta. Nikamtajia Manara. Uso ukamng'aa: "Haji? Yule msemaji?" Haji Manara, aliyewahi kuisemea Simba kisha Yanga, ni mwana wa Sunday. Kijana alimjua mwana kwa maneno yake, na hakumjua baba kwa miguu yake. Sikumlaumu. Hakuna aliyempa kitabu, hakuna darasa alilofundishwa, na uwanja wa mpira wa Tanzania unaoitwa kwa jina la Sunday Manara haukuwapo wa kumfanya aulize.

Nilimsimulia. Nilianza na Nyamagana, nikafika Almelo, kisha mechi nyingine ikaanza na nikampoteza. Nilirudi nyumbani, nikavuta kopo la biskuti uvunguni. Kipande cha babu bado kimo. Visanduku vyote thelathini vimetiwa alama, na kwa nyuma, kwa wino wa zambarau, kuna muhuri: amelipwa.

Msomaji wangu, nyumba nyingi za Korogwe, Handeni, Muheza na Tanga mjini zina kopo kama hilo. Ndani yake kuna picha ya timu ya shamba iliyopigwa mbele ya korona, kadi ya uanachama wa Yanga, Simba, Coastal Union au African Sports, ukurasa wa Uhuru au Mzalendo uliokatwa kwa wembe kwa ajili ya bao moja. Litoe leo. Kaa na mzee anayezijua zile sura, na nyuma ya kila picha andika kwa penseli majina, mahali na mwaka.